Conficker, co.ke na vita vya majina 50,000 kwa siku

Mara moja moja huwa naachana na mambo ya kuandika programu na kuingia kwenye historia, na leo ni zamu ya Conficker. Wengi mmelisikia jina hilo. Waliokuwa wakitumia saiba za mjini mwaka 2009 huenda waliubeba mnyoo wenyewe kwenye flashi bila kujua. Lakini mnyoo wenyewe si hoja yangu kubwa. Nataka tuongee kuhusu kikundi cha watu waliojaribu kuuzuia, maana hadithi yao husimuliwa vibaya: ama kama sinema ya mashujaa, ama kama kelele za bure zilizoishia tarehe 1 Aprili bila kitu kutokea. Yote mawili naona si sawa.

Tena kuna jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja. Mwezi Machi 2009 mtu fulani, ambaye hadi leo hajahukumiwa popote, aliandika "co.ke" ndani ya mnyoo huo. Aliandika pia "co.ug", na "cd" ya Kongo, na "mw" ya Malawi. Nitaeleza sababu tukifika huko.

Tuanze na tundu. Tarehe 23 Oktoba 2008 Microsoft ilitoa kiraka cha dharura kiitwacho MS08-067. Kwa kawaida viraka vyake hutoka Jumanne ya pili ya mwezi. Ukiona kimetoka siku nyingine ujue mambo ni mabaya. Tundu lilikuwa kwenye ile huduma inayowezesha kompyuta za Windows kugawana mafaili na printa. Mtu angeweza kutuma ujumbe uliotengenezwa kwa ujanja kupitia mlango namba 445, na kompyuta yako ikaanza kumtii yeye. Hubonyezi kitu, hufungui barua pepe, huendi tovuti chafu. Inatosha kuwa umewasha mashine na iko kwenye mtandao. (Walimu wangu wa Kiswahili wangetaka niseme tarakilishi. Wataniwia radhi, leo ni kompyuta.)

Hapa pia ndipo tofauti ya kirusi na mnyoo. Kirusi husubiri ukibebe. Mnyoo hutembea wenyewe.

Conficker ulionekana mara ya kwanza karibu tarehe 20 Novemba 2008. Yaani dawa ilitangulia ugonjwa kwa karibu mwezi mzima! Sasa kwa nini mamilioni ya mashine yaliambukizwa? Wakosoaji wa ng'ambo walipenda kusema ni kwa sababu ya uzembe na Windows za wizi. Sikatai, lakini kwetu kulikuwa na sababu nyingine. Nyaya za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa katikati ya 2009. Kabla ya hapo tulikuwa tukining'inia kwenye setilaiti, na kasi ndogo tuliyokuwa nayo tuliilipia kama dhahabu. Nilifahamu ofisi moja ambako masasisho ya Windows yalizimwa makusudi kwenye mashine zote, kwa amri, ili yasimalize mtandao wakati wa kazi. Ukilalamika unaambiwa wewe unalipa bili?

Na hata penye pesa mambo hayakuwa tofauti sana. Huko Sheffield, Uingereza, hospitali zilipata maambukizi kwenye kompyuta zaidi ya 800 mwezi Januari 2009. Masasisho yalikuwa yamezimwa baada ya kompyuta za chumba cha upasuaji kujiwasha upya katikati ya upasuaji. Mimi simlaumu aliyezima. Ufaransa nako, kwa mujibu wa magazeti ya huko, ndege za kivita za jeshi la majini zilishindwa kuruka kwa sababu mipango ya safari haikuweza kupakuliwa. Mwezi Februari mahakama za manispaa za Houston, Marekani, zilisimamisha shughuli, na polisi wakaacha kwa muda kuwakamata watu wa makosa madogo.

Toleo la kwanza lilipita kwenye tundu la MS08-067 peke yake. Toleo la pili, lililotoka mwishoni mwa Desemba 2008, ndilo lililoleta balaa la flashi. Ukichomeka flashi, Windows hufungua kile kidirisha cha kukuuliza unataka kufanya nini, na mnyoo ulikuwa umeweka humo chaguo lenye picha ya folda na maneno yale yale ya kufungua folda uone mafaili. Unabonyeza, umekwisha. Tena ulibeba orodha ya nywila dhaifu, zile za 12345 na wenzake, ukazijaribu kwenye kila mashine ya jirani ofisini.

Ukishaingia, uliziba tundu lile lile uliloingilia ili minyoo mingine isilitumie. Ni mwizi anayeingia nyumbani kwako kisha anabadilisha kufuli. Ulizima masasisho ya Windows, na ukazuia kompyuta kufungua anwani yoyote yenye maneno kama "microsoft", "symantec" au "kaspersky". Ukitaka dawa hospitali haionekani.

Sasa tufike kwenye uhondo wenyewe. Mnyoo ukishaambukiza mamilioni ya mashine, mwenye mnyoo atazipaje amri? Akiandika anwani moja ndani ya programu, wataalamu wataisoma na kuifunga siku hiyo hiyo. Kwa hiyo Conficker haukuwa na anwani. Ulikuwa na kanuni ya hesabu. Kanuni hiyo inachukua tarehe ya siku na kutoa majina 250 ya tovuti yasiyo na maana, herufi tu zilizomwagwa. Kesho majina mengine 250. Na ujanja wa kurudisha nyuma saa ya kompyuta haukusaidia, kwa kuwa mnyoo uliuliza tarehe kutoka tovuti kubwa za dunia.

Fikiria hivi. Bosi wa genge anawaambia vijana wake: kila siku pitieni vioski 250 kwenye orodha hii, katika kimojawapo huenda nimeacha barua. Yeye anahitaji kukodi kioski kimoja tu, siku yoyote anayotaka. Polisi akitaka kumzuia lazima akodi vyote 250, kila siku, bila kukosa hata kimoja. Kama mwandishi wa programu nakiri kwamba ni kazi safi. Inaudhi, lakini ni safi.

Udhaifu wake ni kwamba ukishaisoma kanuni, na wewe pia unaweza kuipa tarehe ya mwezi ujao na kupata majina ya mwezi ujao. Kikosi cha Phil Porras kule SRI International, California, kiliufungua mnyoo na kuisoma kanuni hiyo. Mtu mwingine, Rick Wesson wa kampuni ya Support Intelligence, akaanza kuyasajili majina hayo kabla ya mwenye mnyoo, mwanzoni kwa pesa zake mwenyewe. Ukilimiliki jina, mashine zilizoambukizwa zinakuja kubisha hodi kwako. Huzipi amri, unaandika tu anwani zao. Hizo ndizo seva za mtego, na ndizo zilizowapa watu picha ya ukubwa wa tatizo. Mwezi Januari 2009 kampuni ya F-Secure ya Ufini ilikadiria mashine karibu milioni 9.

Lakini mtu mmoja na kadi yake ya benki atafika wapi? Toleo la kwanza lilitumia miishio mitano ikiwemo com, net na org. La pili likaongeza mitatu, ukiwemo cn wa China na ws wa Samoa. Ukijumlisha matoleo mawili ni majina 500 kila siku, mwezi baada ya mwezi. Hapo ndipo kikundi kilipozaliwa. Hakikuundwa na serikali wala Umoja wa Mataifa. Watu waliokuwa wakifahamiana kutoka mikutano ya kiufundi walianza kuandikiana na kupigiana simu, na tarehe 12 Februari 2009 Microsoft ikakitangaza hadharani pamoja na zawadi ya dola 250,000 kwa atakayetoa habari za kuwezesha mwenye mnyoo kukamatwa na kuhukumiwa.

Angalieni waliokaa meza moja: Microsoft, Symantec na F-Secure wanaouza dawa, VeriSign, Afilias na Neustar wanaosimamia majina, AOL, Georgia Tech ya wasomi, Shadowserver ya watu wa kujitolea, ICANN, na CNNIC ya China. Wengine kati yao ni washindani wa biashara, na wengine nchi zao hazipikiki chungu kimoja. Kilichowaunganisha ni kwamba hakuna aliyekuwa na vipande vyote. Anayeujua mnyoo hana mamlaka juu ya majina. Mwenye majina hajui kesho yatakuwa yapi. Mwenye seva ya mtego anaona anwani za wagonjwa lakini hawezi kumfikia mgonjwa bila kampuni inayompa mtandao. Mwanzoni walijiita kwa utani Conficker Cabal, kama genge la wala njama, kisha likaja jina la heshima, Conficker Working Group.

Basi wakaanza kuyazuia majina mapema, kila siku. Ikafanya kazi. Mwenye mnyoo alifungiwa nje ya jeshi lake mwenyewe.

Tatizo ni kwamba naye alikuwa akisoma habari kama sisi.

Kabla sijaendelea, niruhusuni niwaonyeshe tulikuwa tukishindana na mtu wa aina gani. Amri zote za Conficker zilitiwa sahihi kwa ufunguo wa RSA ili mtu mwingine asiweze kuliteka jeshi. Toleo la kwanza lilitumia ufunguo wa biti 1,024, la pili biti 4,096. Tena toleo la pili lilitumia MD6, kanuni mpya kabisa ambayo profesa Ron Rivest wa MIT na wenzake waliiwasilisha mwaka 2008 kwenye mashindano ya kutafuta kanuni mpya ya Marekani. Sisi wengine tulikuwa bado tunatumia MD5 na kujiona wajanja. Baadaye kasoro iligunduliwa katika programu ya MD6, timu ya Rivest ikairekebisha, na toleo lililofuata la Conficker likatoka na marekebisho hayo hayo. Huyu hakuwa kijana anayecheza. Alifuata masasisho kuliko ofisi nyingi ninazozijua!

Mwanzoni mwa Machi 2009 likatoka toleo la tatu, na hapa ndipo tunaingia sisi. Kuanzia tarehe 1 Aprili mnyoo ungetengeneza majina 50,000 kwa siku, yaliyotawanywa kwenye miishio 116, mingi ikiwa ya nchi. Ndiyo maana ya co.ke. Aliiweka Kenya kwenye orodha kwa hesabu ya kikatili: nchi nyingi, sheria nyingi, lugha nyingi, ofisi ndogo ndogo ambazo hazijawahi kuongea pamoja. Alichoshambulia hapo si kompyuta tena. Alishambulia uwezo wa watu kukubaliana.

Fanya hesabu. Majina 50,000 ukiyagawa kwa miishio 116 ni wastani wa majina 430 hivi kwa kila mwishio kwa siku, karibu 13,000 kwa mwezi. Kwa VeriSign si kitu. Kwa ofisi ya watu wachache inayosajili majina kwa mkono, yenye sheria kwamba kila jina lazima liwe na mwombaji na malipo, ni mlima. Mwishio wetu wa .ke unasimamiwa na KENIC tangu mwaka 2002, Uganda wana wao, Malawi wana wao, na hakuna bosi mmoja juu yao. ICANN haiwezi kuiamuru nchi ifanye nini na mwishio wake. Inaweza kuomba tu. Kwa hiyo kwa wiki tatu na siku kadhaa watu wa ICANN na wenzao walikaa kuomba: kueleza, kutuma orodha, kujibu maswali ya mawakili, kuwatafuta wasimamizi wa nchi ambazo wengine hawajui ziko bara gani. Waliosimamia kazi hiyo wengi wao walikuwa na ajira nyingine za mchana.

Na orodha yenyewe ilikuwa na mitego. Majina mafupi yasiyo na maana mara nyingine tayari yana mwenyewe. Hata toleo la pili lilikuwa limeonyesha hilo: shirika la ndege la Southwest la Marekani lilimiliki wnsux.com, na mnyoo ulipangiwa kuita jina hilo tarehe 13 Machi 2009. Ukilizuia unaikata kampuni halali, ukiliacha mamilioni ya mashine yanaimiminikia. Kwa majina 50,000 kwa siku migongano kama hiyo lazima iongezeke, na kila mmoja unahitaji mtu wa kuuangalia.

Vyombo vya habari navyo vikapandisha moto. Kipindi cha 60 Minutes kiliurushia Conficker sehemu nzima tarehe 29 Machi. Wiki hiyo hiyo Felix Leder na Tillmann Werner wa Ujerumani, wakishirikiana na Dan Kaminsky, waligundua kwamba kile kiraka bandia cha mnyoo hujibu maswali tofauti kidogo na Windows safi, kwa hiyo msimamizi angeweza kukagua mtandao mzima kutoka kwenye meza yake. Baada ya siku chache vikaguzi vya kawaida vikawa na uwezo huo. Joe Stewart wa SecureWorks naye akatengeneza ukurasa rahisi wenye picha kutoka tovuti kadhaa, zikiwemo za usalama zinazozuiwa na mnyoo. Ukiona picha zote uko salama kidogo, ukiona nusu umeambukizwa. Kifaa cha kukagua ugonjwa kwa kuangalia picha zisizoonekana! Nimekipenda hicho kuliko programu nyingi za mamilioni.

Tarehe 1 Aprili ikafika. Hakuna kilichoonekana. Watu wakacheka, wakasema ni utani wa Siku ya Wajinga.

Ila tarehe 8 Aprili kitu kilikuja. Toleo la tatu lilikuwa na njia nyingine isiyohitaji majina kabisa: kompyuta zilizoambukizwa zilitafutana zenyewe na kupeana mafaili. Kupitia njia hiyo likasambazwa toleo la E, likiwa na Waledac, programu ya kutuma barua pepe taka, na SpyProtect 2009, dawa bandia inayokutisha kwamba una virusi kisha inakuuzia tiba kwa dola 49.95. Silaha yenye funguo za biti 4,096 ikatumika kuuza uongo wa dola hamsini. Toleo hilo lilijifuta lenyewe tarehe 3 Mei 2009.

Je, kikundi kilishinda? Wapo wanaosema hapana, kwa sababu mlango wa majina ulifungwa na jamaa akapita dirishani. Mimi sikubali kabisa. Njia ya kompyuta kwa kompyuta ilifikia sehemu tu ya mashine, kwa sababu mamilioni yalibaki kwenye matoleo ya zamani yaliyotegemea majina, na majina yalikuwa yamefungwa. Jeshi kubwa kuliko yote ya wakati ule halikupata kutumika kama lilivyoweza. Lakini mashine hazikusafishwa, na hapo kikundi kilishindwa wazi. Ripoti ya mafunzo yake, iliyotolewa kwa umma Januari 2011, ilikiri hivyo, na ikaeleza pia jinsi serikali zilivyochangia kidogo. Kujua anwani ya mgonjwa ni jambo moja. Kumfikisha fundi mlangoni kwake ni kazi ya kampuni za mtandao na vituo vya nchi husika, na mwaka 2009 nchi nyingi, yetu ikiwemo, hazikuwa na kituo cha kitaifa cha kupokea orodha hizo. KE-CIRT ilikuja miaka michache baadaye.

Kukamatana? Juni 2011 polisi wa Ukraine, wakishirikiana na Marekani, waliwahoji na kuwapekua watu 16 mjini Kiev waliodaiwa kuutumia Conficker kuuza dawa bandia, hasara ikitajwa kuwa dola milioni 72. Cha kuchekesha ni kwamba toleo la kwanza la mnyoo lilikuwa likiangalia kama kibodi ni ya Kiukraine na kuiruka mashine hiyo. Zawadi ya dola 250,000 haikupata mtu.

Njia yenyewe ilibaki. Oktoba 2009 ICANN ilianzisha utaratibu wa haraka kwa wasimamizi wa majina wanaokabiliwa na shambulio, ili wasiogope kuvunja mikataba yao. Februari 2010 Microsoft ilikwenda mahakamani na kupata amri ya kufunga majina 277 ya Waledac, yule yule aliyebebwa na Conficker. Novemba 2016 mtandao wa kihalifu wa Avalanche ulivunjwa kwa kuzuia au kuteka majina zaidi ya 800,000, safari hii polisi na waendesha mashtaka wa nchi 30 wakiwa ndani. Na Mei 2017 WannaCry, uliopita mlango ule ule wa 445, ulipunguzwa makali na kijana mmoja, Marcus Hutchins, aliyesajili jina moja tu kwa dola kumi na kitu. Watu walishangaa sana siku ile. Waliokuwa kwenye kikundi cha Conficker nadhani hawakushangaa.

Mnyoo wenyewe haujafa. Mwaka 2019, miaka kumi baadaye, mamia ya maelfu ya mashine yalikuwa bado yameambukizwa, nyingi Windows XP za zamani zilizosahauliwa kwenye viwanda na hospitali. Kanuni ya majina haina tarehe ya mwisho, kwa hiyo kila saa sita ya usiku orodha mpya huanza, na seva za mtego zinaendelea kuandika anwani za wanaobisha hodi.